Kopo la Kadi za Walimu

Kasongo, jioni, kesho ukiwa safarini

Mwavita, mwanangu, mama yangu,

Ukiipata barua hii utakuwa umekwisha kuvuka Lualaba. Nimeitia katikati ya vitenge vyako, na nakujua, hufungui mzigo njiani. Huku nyumbani tu wazima, nawe ukiwa umefika mzima, basi salamu zetu zimetosha. Sitaandika habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala vijana wa Kindu unakokwenda kusoma. Mama yako ameyasema yote hayo tangu Jumapili, nawe umemwitikia "ndiyo, mama" hata pale ambapo hakuwa ameuliza kitu. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia nacheka peke yangu.

Ninataka kukuandikia habari ya makato ya mashine ya kadi. Cheka kwanza, kisha uendelee kusoma. Najua akina baba wengine huwaandikia watoto wao juu ya Mungu na ndoa. Lakini wewe na mimi hatukuwa na mazungumzo mengine kwa miaka miwili. Tulikula makato asubuhi, tukala makato jioni. Nikianza leo kukuandikia juu ya ndoa utadhani kuna mtu amenishikia kalamu. Tena nina ombi moja kwako, nalo halieleweki bila hayo makato, kwa hiyo vumilia.

Unakumbuka mashine ilivyoingia dukani. Zamani mwalimu akikopa chumvi na sabuni, mshahara ukifika analipwa mkononi, anapita hapa, anatoa deni lake, tunacheka, anakopa tena. Kisha wakaanza kuwalipa kwa benki. Kila mmoja akapewa kadi yake, na benki yenyewe haina mlango Kasongo. Ilikuwa kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba asiyoijua iliko. Ndipo yule mjumbe wa benki alipopita sokoni akitafuta wenye maduka wa kupokea mashine, nami nikainua mkono kabla hajamaliza kusema. Nilijivuna, Mwavita. Mama yako akaifumia kitambaa cheupe, tukaiweka mezani kama redio ya mzee wangu kule Lusangi, na kila aliyeingia nilimwonyesha hata kama alikuja kununua kiberiti.

Ila sikujifunza kuitumia. Ilisema Kifaransa cha haraka. Iliuliza swali, ikalifunga kabla sijavaa miwani. Wewe ulikuwa umetoka kupata diploma yako ya sekondari, vidole vyepesi, na shule ya wauguzi ilikuwa bado kufunguliwa. Nikakuambia, "Mama, unisaidie mwezi moja tu, mpaka mashine ijuane na watu." Siku hiyohiyo mashine ikaomba namba ya siri ya mwenye duka, ile inayofungua sehemu ya kuandika kadi kwa mkono. Ukaniuliza nataka namba gani. Nikasema weka yoyote, mimi sina kazi nayo. Mpaka leo siijui. Ishike hiyo, tutairudia.

Sasa nije kwenye kopo.

Wewe umekulia dukani, huoni ajabu yake, lakini huko Kindu ukimweleza mtu atashangaa. Kwetu mtu akikopa huacha kitu. Baiskeli, redio, kitenge cha mke. Si kwamba hatumwamini. Ni heshima yake, ni kusema mimi si mtu wa kupotea. Basi walimu walipopata kadi, wakaanza kuacha kadi. Mwalimu wa Lusangi aliona heri aiache kuliko kuja kila mara. Wa Wamaza aliituma kwa Saidi wa pikipiki, imefungwa ndani ya kitambaa, na namba yake ya siri akiambiwa Saidi kwa mdomo, naye Saidi akitupigia kelele mlangoni mbele ya soko zima. Nami nikazipokea, nikaziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikaona nimewafanyia watu wema. Mwalimu anabaki na watoto darasani, chumvi inamfuata kwa pikipiki, na mshahara ukiingia mimi najilipa mwenyewe. Ni nani angeona ubaya hapo? Mimi sikuuona.

Na kila mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia, huku chini mtandao ukitosha kadi moja moja tu, ulipanda kile kilima nyuma ya misheni na mashine ndani ya kapu na kopo juu yake. Ulikaa juu ya jiwe ukipitisha kadi moja baada ya nyingine. Nyingi zilikuwa zimechakaa kwa jasho la mifuko na vumbi la barabara, mashine ilizitema, basi ukawa unaziandika namba zake kwa mkono. Siku nyingine mtandao ulikatika katikati, ukarudi bila kufunga hesabu ya siku, ukapanda tena kesho yake na kesho kutwa. Mimi huku chini nilikuwa nikiwaambia wateja, "Mutoto wangu iko kule juu kwa banki." Nilisema hivyo kwa majivuno, kana kwamba kile kilima ni ofisi.

Kisha makato, kile ambacho mashine hujikatia kila kadi ikipita, yakapanda. Mwanzo yalikuwa madogo, faida ya mkebe wa sukari ilibaki na sura. Ujumbe ukaja kwenye simu yako kwamba yamebadilika. Baada ya miezi ukaja mwingine. Tukafika mahali ambapo nikiuza sabuni kwa kadi, sabuni ilikuwa yangu na faida ilikuwa ya mashine. Wala haikuomba. Ilijikatia, ikaniachia mabaki.

Hapa nitayarudia maneno niliyosema, kwa sababu wewe hukuyarudia hata mara moja.

Nilisema, "Weye ndiye unabonyeza vibaya."

Ukasema, "Papa, si miye. Iko banki ndiyo inabadilisha."

Nikasema, "Banki haina kidole. Kidole iko yako."

Mama yako alikuwa anachagua mchele, akaacha mikono ndani ya lungo. Wewe ulichukua kapu ukaondoka. Mwezi uliofuata ulikuwa unasoma kila namba kwa sauti, unaiandika, unairudia, na ulirudi kutoka kilimani midomo imekauka. Makato yalikuwa yaleyale. Ulinionyesha kile kikaratasi kinachotoka mashineni, ukaniangalia usoni kama mtu anayengoja kuachiliwa. Nami nikageuka nikapanga vibiriti ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Sikuwa mtu mbaya siku ile, nilikuwa mtu mwenye hofu. Lakini kwa aliyesimama mbele yangu hakukuwa na tofauti, na hilo ndilo nimejifunza nikiwa na mvi tayari. Mtu aliyebanwa hutafuta wa karibu ambaye mkono wake unamfikia. Benki ilikuwa mbali. Wewe ulikuwa hapa.

Halafu yule mama wa benki akaja. Unamkumbuka, alikuja na pikipiki kutoka Kindu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akakaa juu ya gunia la chumvi kabla sijamkaribisha kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Nilikuwa na maneno yangu tangu wiki mbili. Yeye hakuuliza kitu, alitaka tu kukuona ukifanya kazi. Ukaleta kopo. Akaliinamia, akaingiza mkono, akatoa kadi kama mtu anayechambua maharage.

"Papa, hizi karte zote ni za nani?"

"Za walimu. Wateja wangu."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Lusangi. Wamaza. Wengine mbali zaidi, kule Kabambare. Wanaziachaka hapa, ni watu wazuri."

Alizipanga kadi juu ya goti. Nilidhani amefurahi. Kumbe alikuwa anatafuta jinsi ya kuniambia bila kunivunjia heshima mbele ya mwanangu.

"Papa, sikia vizuri. Karte ikipita, watu watatu wanakamata kidogo kidogo. Banki ya mwenye karte. Ile kampuni kubwa yenye jina yake iko juu ya karte. Na sisi wenye mashine. Sisi hatubadilishaka sana. Ni wale wawili ndio wanaangaliaka. Karte ni ya hapa ao ya ng'ambo? Iliingia ndani ya mashine ao iliandikwa na mukono? Mwenyewe alikuwa pale ao hapana? Hesabu ilifungwa siku ile ile ao ilifungwa kesho kutwa? Kila jibu iko na bei yake."

Nikamwuliza, "Na miye bei yangu iko juu ya nini?"

"Juu ya kopo, papa."

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Kule hawajue Wamaza. Hawajue kama mwalimu ni rafiki yako. Wanaona karte mingi zinapita ndani ya saa moja, pahali pamoja, mwenyewe hayuko, namba inaandikwa na kidole. Kwao ile iko alama ya mwizi."

"Miye niko mwizi?"

"Hapana. Lakini hawana namna ya kujua. Hasara ikitokea, atalipa nani? Basi wanaweka ile hasara ndani ya bei kabla itokee."

Ndipo akakugeukia wewe, akasema, "Huyu mutoto anabonyeza vizuri kabisa." Alisema hivyo mbele yangu. Wewe ukainama ukaanza kufunga kopo, na mimi nikasema kwa sauti kubwa aletewe maji ya kunywa. Nilipaswa kusema jambo lingine kabisa, nalo nitalisema sasa, nikiwa siuoni uso wako: haikuwa kidole chako. Ilikuwa desturi yangu na kopo langu. Makato yalipanda kwa sababu ya namna nilivyokutuma kufanya kazi, nawe uliifanya vizuri kama nilivyokutuma. Nisamehe, mama.

Alieleza hata habari ya yule mgeni wa shirika la misaada, yule mrefu aliyekuja kununua maji na biskuti kwa kadi ya kwao. Nilimpa kiti chenye mgongo, nikamfukuzia kuku mlangoni. Kumbe kadi yake ya ng'ambo ndiyo iliyokuwa inakula kuliko zote. Nimekaa namngojea kila Ijumaa kama mkwe, naye kila Ijumaa ananitia hasara na tabasamu juu. Hapo angalau wewe na mimi tulicheka pamoja, na ilikuwa siku nyingi hatujacheka hivyo.

Unaweza kusema, basi, papa ameelewa, mambo yamekwisha. Mimi pia nilidhani kuelewa ni kutoka. Lakini sikutoka. Nilianza tu kuona ukuta uko wapi.

Yule mama alisema nizirudishe kadi kwa wenyewe. Waje wao, waingize kadi wao, zilizochakaa wazibadilishe benki, hesabu ifungwe siku ileile, na baada ya muda bei itashuka. Na akasema kwa upole kwamba wakiona tena kadi zinaandikwa kwa mkono hivyo, watachukua mashine yao. Sawa. Lakini walimu wale walikuwa wamekula chumvi yangu, sabuni yangu, mchele wangu, na deni lote lilikuwa limefungwa kwenye zile kadi. Nikirudisha kadi, mtu anaweza kwenda na mshahara wake kwa jirani. Nisiporudisha, mashine inanila. Nikipandisha bei, lile duka la mbele linauza kwa pesa za mkononi na bei yake ni ya chini. Nikiitoa mashine, walimu hawana njia nyingine ya kunilipa. Na mwenye mali wa Kalemie, anayenipa mzigo mimi kwa mkopo, yeye haijui mashine wala walimu. Anajua siku yake ya kulipwa tu.

Nimekaa ndani ya hesabu hiyo kila jioni nikiizunguka. Najua unanionaga nimesimama mlangoni bila kuangalia kitu. Mama yako anasema nimezeeka ghafla. Siyo uzee. Ni kutafuta mahali pa kutokea na kurudi palepale penye meza, na kitambaa cheupe, na kile kitaa kidogo cha kijani cha mashine kinachopepesa. Nilikuwa nakiona hata nikiwa kanisani.

Na kitu ambacho mtu aliyefungwa hakioni ni kwamba yeye naye ameshika kamba za wengine.

Hilo nililiona kwa sababu ya Mwalimu Ramazani. Alikuja kutoka Wamaza kwa baiskeli, mkewe akiwa karibu kujifungua na miguu imevimba, wanataka kumleta hospitali. Aliomba kadi yake. Mshahara ulikuwa unangojwa siku yoyote, naye alitaka ukiingia aukute mkononi mwake, alipie hospitali kwanza. Nikamwambia atulie, mshahara ukiingia Mwavita atapitisha kadi, deni litoke, kitakachobaki nitampa.

Akasema, "Papa Mwavita, kitakachobaki hakitatosha. Nakulomba."

Nikasema, "Na miye nitamulomba nani?"

Tulikuwa bado tunabishana, mimi na sauti yangu hii, ndipo wewe ulipofungua kopo. Ulitafuta kadi yake, ukaifuta kwa ncha ya kitenge chako, ukampa kwa mikono miwili kama tunavyompa mkubwa kitu. Akaipokea, akaangalia chini, akaondoka. Nilikupigia kelele mpaka wauza samaki wakasogea. Nilikuambia umempa mtu duka langu. Ulinijibu neno moja tu.

"Ni yake, papa."

Siku nyingi nilikuwa na hasira na hilo neno. Nililibeba mpaka shambani.

Mshahara uliingia. Siku ya kwanza Mwalimu hakutokea, nikakuangalia. Ya pili hakutokea, nikakuangalia zaidi. Kisha akaja, amekonda, na habari kwamba ni mtoto wa kike na mama yake yu hai. Alileta kadi yake mwenyewe, akaisugua kwenye shati, akaiingiza mwenyewe, akabonyeza namba zake akiwa amekunja kiganja nisione. Alilipa nusu tu. Nusu nyingine akasema ingoje, na bado inangoja mpaka leo. Lakini kikaratasi kilipotoka, nilivaa miwani nikakisoma. Makato yalikuwa madogo. Kwa ile kadi moja, iliyoingizwa na mwenyewe, mashine ilikula kama mtu mwenye adabu.

Wewe ulikiona kabla yangu, na hukusema "nilikuambiaka". Huo ndio ukubwa wako. Mimi ningesema, ningeurudia mpaka Pasaka.

Baada ya hapo nimerudisha kadi, unajua, lakini hujui nilivyozichagua. Nilirudisha zile nzima kwanza, za walimu vijana wenye madeni madogo. Wengine wanakuja kulipa wenyewe. Wawili hawaji, mmoja wa Lusangi akiniona sokoni anavuka kwenda upande wa wauza mihogo, naye tangu utoto wake hapendi mihogo. Ndiyo bei ya kurudisha. Lakini zile zilizochakaa, za walimu wa zamani wenye madeni makubwa, ambazo haziingii mashineni mpaka ziandikwe kwa mkono, hizo ziko bado ndani ya kopo, chini ya meza. Kila wiki nasema nitazirudisha. Naliinua kopo, nalisikia linavyolia ndani, nalirudisha chini. Sijaweza, Mwavita. Nakuambia ukweli ili usiondoke ukidhani umemwacha baba aliyepona.

Na sasa niseme habari ya shule, ambayo ndiyo inanichoma kuliko makato.

Nilikuomba mwezi mmoja. Shule ilipofunguliwa, ilikuwa mwisho wa mwezi, nikasema tupitishe kwanza hizi kadi. Ulipitisha, na nafasi yako akapewa mwingine. Mwaka uliofuata nikasema makato yamepanda, nani atajua kuongea na banki. Ukabaki. Mabinti uliosoma nao walikuja likizo wamevaa saa za mkononi za kuhesabia mapigo ya moyo, wakakukuta kwenye jiwe kilimani na mashine magotini. Ulirudi siku ile ukaniambia tu kwamba mtandao ulikuwa mzuri. Mama yako aliniambia mengine. Alisema, "Unaacha karte za walimu ndani ya kopo, na mutoto wako pia umemuacha mule." Nilikasirika nikatoka nje. Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Sikukufunga kwa kamba. Nilikufunga kwa kukuhitaji. Nilikuwa nasema "bila weye duka itakufa", na nilidhani hayo ni mapenzi, tena yalikuwa mapenzi, ila yalikuwa na makato yake, na aliyekatwa ni wewe kila mwezi. Ukija kuwa na mume au watoto au wagonjwa wako, jiangalie mahali unapomwambia mtu kwamba bila yeye huwezi. Linaweza kuwa kweli. Mwache aondoke hata likiwa kweli.

Leo jioni, nilipokuwa nafunga mlango, umenijia na ile sauti yako ya kazi ukasema, "Papa, nikuachie ile kode, ile namba ya siri ya mashine? Nikufundishe namna ya kuandika karte?" Nikakujibu, "Kesho asubuhi, kabla uende." Ukaenda kulala. Kesho asubuhi nitajifanya nina haraka na magunia, na Saidi atakuwa anapiga honi, na utaondoka hujanipa. Nimepanga hivyo. Ni ujanja wa mwisho nitakaokufanyia.

Sasa ombi langu ni hili.

Ninajijua. Mwisho wa mwezi huu mishahara itaingia, mwenye mali wa Kalemie atakuwa amenipigia simu, nami nitaliinua kopo. Nitakupigia. Nitaanza kwa kuuliza habari za masomo, na utafurahi. Halafu nitaomba ile namba. Nitasema ni mara moja tu, ni kadi tatu tu, ni kwa ajili ya karo yako mwenyewe, na neno hilo la karo litakuingia sana. Nikiona hunipi, nitakuambia uje wewe, siku mbili tu, pikipiki nitalipa. Pengine nitasema naumwa. Nitasema kwa sauti ambayo unaijua, na huenda nitakuwa naumwa kweli. Mama yako anaweza kushika simu akalia.

Usije. Na ile namba usinipe.

Kuibadilisha siwezi mpaka mtu aipeleke mashine Kindu, na duka silifungi, hilo unalijua. Bila namba hiyo zile kadi zilizochakaa si kitu mkononi mwangu, ni plastiki. Nitalazimika kuwaita wenyewe mmoja mmoja, niwape zao, niwaangalie usoni, nao watalipa au watavuka barabara kama yule wa Lusangi. Huenda duka litapungua, huenda tutauza kitanda cha wageni. Mimi nitabaki hapa na mashine yangu, nimejiingiza mwenyewe. Lakini mule ndani ya kopo hatabaki mtu mwingine.

Ukinisikia kwenye simu nakuomba, ujue kwamba huyo ni mtu aliyebanwa, na anatafuta wa karibu. Anayekuandikia hapa amekaa chini, ametulia, taa bado ina mafuta, nawe unakoroma chumba cha pili kama mtoto mdogo. Mwamini huyu. Yule wa simu mkatalie, hata akikulaani, na laana yake mimi nimekwisha kuifuta humu kabla hajaitoa.

Mama yako anakusalimu, ameweka karanga kwenye mfuko wa pembeni. Mimi huku watu wataendelea kuniita Papa Mwavita kila asubuhi, nami nitaitika.

Isahau ile namba, mama. Soma.

Ni mimi baba yako